Kikohozi Kimeisha, Dawa za Nini Tena?



Kuna swali niliulizwa hapa Tassia miaka kadhaa iliyopita nikashindwa kulijibu. Aliyeuliza ni mwanachama wa kikundi kimoja cha kujisaidia tunachokitembelea, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kazi yake kuuza maji kwa mkokoteni. Wakati huo alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu, yaani TB, kwa miezi miwili. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Jasho la usiku lilikuwa limekwisha. Alikuwa ameanza kunenepa hata suruali zikawa zinambana. Makohozi yake yalipimwa tena kama kawaida, na kwenye darubini hakukuonekana kitu. Basi akaniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, kama mdudu hayuko tena kwa makohozi, hizi dawa zingine za miezi minne zinamfuata nani?"

Mimi nikajibu, "Daktari amesema miezi sita, basi ni miezi sita." Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini hilo si jibu. Hilo ni kumfunga mtu mdomo.

Bwana huyo aliacha dawa. Simlaumu sana. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini chakula hakitolewi bure, na dawa zile zikiingia tumbo tupu saa kumi na moja asubuhi, mtu akiwa anapanga mitungi hata chai hajaonja, ni taabu. Kwa maoni yake alikuwa amepona. Haukupita mwaka akaanza kukohoa tena, na safari hii alianguka kabisa. Mkokoteni ulikuwa umenunuliwa kwa mkopo wa kikundi. Wadhamini wake wawili, wote akina mama wa mboga, wakaanza kulipa deni lisilo lao, na kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya maneno yaliyosemwa siku hiyo ya mkutano.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza swali lake kila nilipokutana na mtu wa maabara au daktari wa kifua. Jibu lipo, na limetoka kwa kazi moja ya ajabu kidogo, ya kuchungulia ndani ya kijidudu ili kujua kinafanya nini saa hiyo. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa kwa makohozi ya wagonjwa wa hapa jirani, Uganda. Nitaieleza polepole. Msomaji akiona mahali pazito apite, arudi baadaye.

Nyumba ni ile ile, taa ndizo zinabadilika

Panda juu ya ploti yoyote hapa Tassia saa nne usiku, pale akina mama wanapoanika nguo, uangalie upande wa Pipeline na Fedha. Utaona ghorofa kwa ghorofa, madirisha mengi mpaka macho yachoke. Mchana unaweza kuyahesabu ujue kila jengo lina vyumba vingapi. Lakini usiku unajua jambo lingine: nani yuko macho. Hapa taa inawaka, pale giza. Rudi saa kumi alfajiri utaona taa tofauti: yule wa mandazi, yule anayewahi zamu Industrial Area, yule mwenye mtoto mgonjwa. Jengo halikubadilika hata tofali moja. Taa ndizo zimebadilika.

Kijidudu cha TB ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna maandishi yaitwayo DNA, ambayo yana maagizo yote ya maisha yake: namna ya kujenga ukuta wake, namna ya kula, namna ya kujigawa kiwe viwili. Kila agizo moja ndilo tunaita jeni. Mwaka 1998 wanasayansi walimaliza kuyasoma maandishi ya kijidudu cha TB mwanzo hadi mwisho. Walikuta herufi kama milioni 4.4, na jeni karibu 4,000. Hayo ndiyo madirisha ya mchana, yaani tulijua vyumba viko vingapi.

Lakini kijidudu hakitumii jeni zake zote kwa wakati mmoja. Huwasha zingine, huzima zingine, kulingana na shida iliyoko. Jeni ikiwashwa, kijidudu hutoa nakala yake ndogo, kama fundi mkuu anavyonakili kipande cha ramani kwenye karatasi na kumpa mjenzi akafanye kazi. Nakala hiyo inaitwa RNA. Karatasi hiyo haidumu. Baada ya dakika chache huchakaa na kutupwa, na kama kazi bado inatakiwa hutolewa nyingine. Kwa hiyo ukikamata RNA za kijidudu, umekamata kazi inayofanyika sasa hivi, si ya jana.

Hapo ndipo inaachana na ile mashine ya kupima TB iliyoko katika hospitali zetu nyingi, iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwishoni mwa 2010. Mashine ile husoma DNA. DNA hubaki hata kijidudu kikishakufa, kama vile jengo linavyobaki hata wapangaji wote wamehama. Ndiyo sababu mtu akiwa katikati ya matibabu hapimwi maendeleo yake kwa mashine hiyo. Inaweza kusema TB ipo, kumbe ni mizoga.

Kioo cha vitone

Sasa, utaonaje taa 4,000 kwa mtazamo mmoja? Zamani watafiti waliangalia jeni moja moja, na mtu angeweza kumaliza miaka yake ya masomo kwa dirisha moja tu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walitangaza njia ya kuziangalia pamoja. Walianza na kajimmea kadogo tu na jeni 45. Kifaa chenyewe huitwa maikroarei. Mimi nitakiita kioo cha vitone kwa sababu ndivyo kilivyo.

Chukua kioo kidogo chembamba, kama kile kinachopakwa makohozi maabara. Juu yake mashine inadondosha vitone vidogo sana kwa mistari iliyonyooka, maelfu ya vitone, na kila kitone kina vipande vya jeni moja tu. Kitone cha kwanza jeni hii, cha pili jeni ile, mpaka zote ziishe. Orodha inawekwa ili ijulikane kitone kipi ni cha nani.

Halafu chukua vijidudu vya makundi mawili. Kundi moja limekaa vizuri bila kusumbuliwa. Kundi la pili limewekewa dawa. Vunja vijidudu vyote, toa zile karatasi zao za kazi, yaani RNA. Kwa kuwa RNA huharibika upesi, hunakiliwa tena kuwa DNA ambayo ni ngumu zaidi, na nakala hupakwa rangi: kundi la bila dawa rangi ya kijani, kundi la dawa rangi nyekundu. Changanya zote, mimina juu ya kioo, acha zitulie usiku kucha.

DNA ina herufi nne, A, T, C na G. A hushikana na T peke yake, C hushikana na G peke yake, kama kifungo na tundu lake. Kwa hiyo kila nakala itazunguka mpaka ikute kitone cha jeni iliyotoka, ishikane nacho. Zisizoshikana huoshwa. Kisha kioo humulikwa kwa mwanga wa leza na kupigwa picha.

Kitone kikiwa chekundu, ile jeni iliwashwa zaidi na dawa. Kikiwa cha kijani, dawa iliizima au kuipunguza. Kikiwa cha manjano, makundi yote mawili yalikuwa yanaitumia sawasawa. Kikiwa cheusi, hakuna aliyekuwa anaitumia. Niliwahi kuonyeshwa picha ya namna hiyo nikadhani ni kitambaa cha shanga. Uzuri wake usitudanganye lakini. Picha ile ni ya mamilioni ya vijidudu vilivyopondwa pamoja. Inakupa mngurumo wa kwaya nzima, haikupi sauti ya mwimbaji mmoja.

Isoniazidi inagonga ukuta

Mwaka 1999, mwaka mmoja tu baada ya maandishi ya TB kusomwa, kundi lingine la Stanford lilitengeneza kioo chenye karibu jeni zote za kijidudu hiki, 97 katika kila 100. Wakachukua vijidudu vilivyokuwa vikikua chupani wakaviwekea isoniazidi. Wengi wenu mnaijua isoniazidi hata kama jina hamlikumbuki. Imo ndani ya kile kidonge cha pamoja cha TB, na ndiyo wanayopewa watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi ili wasishikwe na TB.

Ni lazima mjue kwamba kijidudu cha TB kina koti la mafuta mazito kama nta. Koti hilo ndilo linalokifanya kiwe kigumu kuua, na isoniazidi huua kwa kuharibu kazi ya kulitengeneza. Sasa, kioo kilionyesha nini? Jeni tano zilizopangana pamoja, zote za kutengeneza mafuta ya koti, zilikuwa zimewaka. Kijidudu kiliona ukuta wake unabomoka, kikaita mafundi waje haraka. Kulikuwa na jeni nyingine zilizowaka, na mojawapo inahusika na kusukuma vitu nje ya kijidudu, kama mtu anayekumba maji yaliyoingia nyumbani wakati wa mafuriko.

Huo mkusanyiko wa taa watafiti huuchukua kama alama ya isoniazidi. Ukiziona taa hizo zimewaka, unajua kijidudu kimesikia dawa. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo litakalotupeleka Uganda.

Kijidudu kinono na kivivu

Yote hayo yalifanyika chupani. Je, ndani ya kifua cha mtu? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, pamoja na wenzao, walichapisha kazi ya kuangalia vijidudu vilivyotoka moja kwa moja kwenye makohozi ya wagonjwa. Makohozi yaliwekwa upesi katika dawa inayosimamisha kila kitu pale pale kilipo, kabla karatasi za kazi hazijachakaa. Walichokuta hakikutarajiwa. Watu walizoea kufikiri kwamba kijidudu kinachokoholewa ni kile chenye nguvu, kinachozaana. Kumbe vingi vilikuwa vimejaza matone ya mafuta ndani yake na vimezima jeni nyingi za kukua, kama mtu aliyeweka akiba ya mahindi akafunga mlango. Waandishi wenyewe waliviita vinono na vivivu, katika kichwa cha makala yao ya kisayansi!

Kijidudu kivivu kina ubaya gani? Hebu fikiria tena isoniazidi. Dawa hii humpata fundi akiwa kazini anajenga ukuta. Kijidudu ambacho hakijengi, dawa itamkamata nani?

Uganda, wagonjwa 17

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa na wagonjwa 17 wa Uganda. Wote walikuwa na TB ya mapafu ya kawaida, ile inayosikia dawa. Wakaanza matibabu kama mgonjwa yeyote, na makohozi yao yakachukuliwa tena na tena tangu kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa kuwa vijidudu hupungua sana mtu akishaanza dawa, kioo cha vitone kisingetosha kuviona. Walitumia njia nyingine ya kuhesabu RNA ambayo inaweza kukamata hata kidogo sana, wakapima zaidi ya jeni 2,000. Maana yake ni ile ile: kuhesabu taa.

Katika siku nne za kwanza RNA ya vijidudu ilipungua kwa zaidi ya 98 katika kila 100. Siku nne tu! Ndiyo maana mgonjwa anaanza kupata nafuu mapema, na ndiyo maana kikohozi cha yule bwana wa maji kilinyamaza. Dawa zilikuwa zimefyeka kweli kweli.

Halafu kasi ikaanguka. Waliobaki wakawa wanapungua polepole mno, kasi ikiwa imeshuka kwa zaidi ya 94 katika kila 100 ikilinganishwa na zile siku nne. Na walipoangalia taa za hao waliobaki, wakakuta jengo lenye giza. Jeni za kukua zimezimwa. Jeni za kusaga chakula na za kutengeneza mafuta zimezimwa. Kufika siku ya 14 ilionekana wazi kwamba vijidudu hivyo havikui ila kidogo sana. Lakini taa fulani zilikuwa zinawaka: zile za kujihami wakati wa taabu, na zile za pampu zinazosukuma dawa nje.

Na ile alama ya isoniazidi? Iliwaka mwanzoni dawa ilipoingia. Baada ya siku nne ikapotea. Mgonjwa alikuwa bado anameza kidonge chake kila siku, isoniazidi ilikuwa bado iko mwilini, lakini vijidudu vilivyobaki havikuonyesha tena dalili ya kuisikia. Ninavyoelewa mimi, waliokuwa wakijenga walikufa, na hao wengine wamelala.

Basi hilo ndilo jibu ambalo sikuwa nalo siku ile. Ndugu yangu, hizo dawa zinamfuata aliyezima taa. Darubini haimwoni kwa sababu ni wachache, na darubini inahitaji vijidudu maelfu katika kila mililita ya makohozi ndipo ione kimoja. Wewe humsikii kwa sababu hana fujo. Ukiacha dawa atawasha taa, na ataanza kuzaana, kila siku kimoja kuwa viwili.

Miezi sita ilitoka wapi

Wengi hudhani miezi sita ni sheria iliyoletwa kutoka Ulaya. Ilipatikana hapa kwetu. Zamani TB ilitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kuanzia 1970, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu matibabu ya miezi sita kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yakatoka 1972. Wote walipewa streptomisini na isoniazidi. Kundi moja halikuongezewa kitu. Mengine yaliongezewa dawa ya tatu.

Karibu wote makohozi yao yalisafishika. Tofauti ilionekana baadaye, baada ya kuacha dawa. Katika kundi la dawa mbili peke yake, karibu watu 30 katika kila 100 waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, waliougua tena walikuwa kama 3 katika kila 100. Walioongezewa pirazinamidi pia walifanya vizuri, ingawa si kama wale. Tangu hapo rifampisini na pirazinamidi zikawa nguzo za matibabu, kwa sababu ndizo zenye uwezo wa kumfikia kijidudu aliyelala. Wale madaktari wa 1970 hawakuwa na kioo wala leza. Walihesabu watu walioanguka tena, wakakisia kwamba kuna kijidudu anayejificha. Miaka 45 baadaye taa za wagonjwa wa Uganda zikaonyesha anavyojificha.

Ndiyo maana leo mtu mzima mwenye TB ya kawaida hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne. (Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa msishtuke, ni rifampisini inafanya hivyo. Mama mmoja alikuja kwangu analia akidhani ni damu.)

Je, haiwezekani kufupisha? Wamejaribu. Mwaka 2014 jaribio kubwa la miezi minne, ambalo wagonjwa wa Kenya na Tanzania walishiriki, lilionyesha kwamba dawa mpya iliua upesi mwanzoni, lakini watu wengi zaidi waliugua tena. Mwaka 2021 mchanganyiko mwingine wa miezi minne, uliojaribiwa pia Kenya na Uganda, ulifaulu, na Shirika la Afya Duniani limeukubali. Lakini hizo ni dawa tofauti. Mtu asije akakata miezi miwili kutoka kwa dawa alizopewa za miezi sita ati kwa sababu amesoma hapa.

Kulala si usugu

Hapa watu huchanganyikiwa, hata wengine wanaovaa koti jeupe. Kijidudu kilicholala hakijabadilisha maandishi yake. Kikiamka, dawa ile ile itakiua. Kijidudu sugu ni kingine: maandishi yenyewe yamekosewa herufi mahali fulani, na watoto wake wote wanarithi kosa hilo, hivyo dawa haishiki tena wakiwa wamelala au wakiwa macho. Kosa la namna hiyo upande wa rifampisini ndilo GeneXpert inalolitafuta.

Lakini mmoja humzaa mwingine. Makosa ya herufi hutokea kwa bahati mbaya vijidudu vinapozaana. Mtu anayemeza wiki mbili, anaacha mwezi, anarudi wiki moja, anaviamsha na kuviacha vizaane mbele ya dawa isiyotosha kuviua. Mmoja akitokea na kosa linalomfaa, ndiye atakayebaki. Matibabu ya TB sugu ni mzigo mzito zaidi kwa mgonjwa na kwa nyumba nzima, na katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi cha hapa kwetu, mgonjwa hakohoi peke yake.

Sitaki mfikiri utafiti huu umemaliza yote. Wagonjwa 17 ni wachache. Makohozi yanatueleza habari za vijidudu vinavyotoka, lakini vile vilivyojichimbia ndani ya mapafu huenda vina tabia nyingine. Na hakuna hospitali itakayokupima taa za jeni ukienda leo. Kuna watafiti, wakiwemo wa hapa Afrika Mashariki, wanaojaribu kupima TB iliyo hai kwa kutumia RNA ili daktari ajue mapema kama dawa inafanya kazi. Hiyo ikifika kwenye zahanati zetu itatusaidia. Kwa sasa tunayo darubini na kalenda.

Tufanye nini vikundini

Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Kenya na kumalizika 2016 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na TB ya mapafu, na wanaume walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Kikundi cha watu thelathini kinaweza kukaa miaka bila mgonjwa. Lakini ukihesabu na familia zao na wapangaji wenzao kwenye ploti, habari inafika mlangoni.

Sioni haja ya kuwapa vikundi mhadhara mwingine kuhusu kumaliza dawa. Watu wanajua, ila wana njaa na wana aibu. Kinachosaidia ni mtu mmoja ndani ya kikundi anayezijua tarehe tatu za mgonjwa: mwezi wa pili, wa tano na wa sita, siku ambazo makohozi hupimwa tena. Mgonjwa akikubali, tarehe hizo ziandikwe na mtu anayemwamini, wala si katika daftari la mkutano ambapo kila mtu atasoma. Mwezi wa tatu ndio wa hatari. Hapo mtu anajisikia mzima kabisa na kazi imerudi. Huo ndio mwezi wa kumtembelea, si ule wa kwanza wakati amelala kitandani na kila jirani anampelekea uji.

Yule bwana wa maji alirudi kituoni. Mashine ilionyesha rifampisini bado inafanya kazi kwake, kwa hiyo alianza upya mwezi wa kwanza, na safari hii alimaliza. Kikundi chake kiliamua kwamba kila merigoraundi ikizunguka, kila mtu atoe shilingi ishirini ziwekwe kando kwa chakula cha asubuhi na nauli ya mwanachama yeyote aliye kwenye dawa za muda mrefu. Mpaka leo hawajakubaliana kama hiyo ni zawadi au ni mkopo. Mweka hazina anasema ni mkopo, kwa sababu mgonjwa akipona atafanya kazi. Wale akina mama wawili wa mboga, waliolipa deni la mkokoteni, ndio wanaosisitiza iwe zawadi. Jambo hilo litarudi kwenye mkutano wao ujao, na kama kikundi chenu kimelitatua kwa njia nyingine, tuandikieni.